Kupanga Kivuli Kabla ya Mwanga: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Watu Zenye Uzito

Mpiga picha anayeanza kazi mjini Moshi au Arusha, akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza anachonunua baada ya kamera ni taa, na cha pili ni taa nyingine. Matokeo yake ni chumba kinachong'aa kila kona na picha isiyo na la kusema, kwa sababu uso uliomulikwa sawasawa pande zote huonekana kama umebandikwa ukutani. Mwongozo huu unakwenda njia nyingine. Unakutaka uamue kwanza kivuli kiangukie wapi, kisha utafute mwanga mmoja wa kukiweka hapo, uwe ni wa dirisha, wa jua la jioni, wa flashi au wa tochi. Vifaa vingi nitakavyovitaja vipo nyumbani au kwa muuza vifaa vya shule, na mazoezi ya mwanzo yote yanawezekana kwa simu.

Mambo matatu ya kuyajua kwanza

Jambo la kwanza ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganishwa na mtu anayepigwa picha. Chanzo kidogo, kama jua lisilo na wingu au balbu tupu, hutoa kivuli chenye ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe, ilhali chanzo kikubwa, kama anga lililofunga au dirisha pana lililo karibu, hutoa kivuli ambacho ukingo wake unafifia taratibu. Jua lenyewe ni kubwa kupita kiasi, lakini liko umbali wa takriban kilomita milioni 150, hivyo kwetu sisi huku chini lina ukubwa wa sarafu tu. Wingu likipita mbele yake, wingu ndilo linalogeuka kuwa taa. Mtu wa Moshi au Arusha hahitaji kufundishwa hili, maana kati ya Juni na Agosti, siku zile anga linapofunga tangu alfajiri na watu wanatoka na masweta, vivuli hutoweka barabarani kabisa.

Jambo la pili ni umbali. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua haraka kuliko tunavyodhani: ukiongeza umbali mara mbili, inabaki robo ya mwanga, si nusu, na ukiuongeza mara nne, inabaki sehemu moja ya 16. Chukua mtu aliyekaa mita 1 kutoka kwenye balbu iliyo mbele yake, na ukuta ukiwa mita 3 nyuma yake. Ukuta huo, ulio mita 4 kutoka kwenye balbu, unapata sehemu moja ya 16 ya mwanga alioupata yeye, na katika picha utaonekana karibu mweusi hata kama umepakwa chokaa nyeupe. Kwa hiyo kabla ya kwenda kununua kitambaa cheusi cha nyuma, msogeze mtu wako karibu na taa na mbali na ukuta. Dirisha pana halifuati hesabu hii sawasawa, kwa kuwa ni chanzo kikubwa na mwanga wake hupungua polepole zaidi ukiwa karibu nalo, lakini mwelekeo ni huo huo.

Jambo la tatu ni pembe. Taa iliyo mbele, jirani na kamera, hukificha kivuli nyuma ya mtu. Iliyo ubavuni huugawa uso. Iliyo nyuma humchora mtu kwa mstari wa mwanga mabegani na kichwani. Taa iliyo chini ya kidevu hutisha, kama wanavyojua watoto wote waliowahi kujimulika tochi sehemu hiyo umeme ulipokatika.

Na taa iliyo utosini huharibu. Moshi na Arusha ziko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na nusu mchana hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kipaimara, na wazee wa familia wakawapanga watoto uani saa saba mchana kwa sababu chakula kilikuwa tayari na wageni wa mbali walitaka kuondoka. Sikubisha, nikapiga. Katika picha zote 40 kila jicho lilikuwa shimo, kila pua imetupa kivuli juu ya mdomo kama sharubu, na mama wa mtoto mmoja akaniuliza kwa upole kama kamera yangu ilikuwa mbovu. Ningewasogeza hatua sita tu, wakasimama ukingoni mwa baraza wakitazama nje, paa lingezuia mwanga wa juu na ule wa uani ungewaingia usoni kutoka mbele. Ukibanwa na muda mchana, tafuta baraza, mlango wa duka au ubavu wa jengo refu. Usikimbilie chini ya mti wenye majani machache, kwa kuwa vidoa vya jua vinavyopenya majani huangukia shavuni na ni vigumu kuviondoa vizuri baadaye.

Chumba kimoja na dirisha moja

Hili ndilo zoezi kuu, na ninashauri ulifanye kwa wiki nzima kabla ya kugusa flashi.

Chagua chumba chenye dirisha ambalo kwa saa hiyo haliingizi jua la moja kwa moja. Ziba madirisha mengine kwa blanketi au kitenge kizito, funga mlango, kisha zima taa ya dari. Balbu ya rangi ya njano ina joto la rangi la takriban kelvini 2,700 na mwanga wa mchana ni karibu 5,500, na ukivichanganya, upande mmoja wa uso utakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu. Kama dirisha lina wavu wa mbu, usihangaike nao; unapunguza mwanga kidogo lakini hauharibu kitu. Nondo za dirisha nazo hazitaonekana kama vivuli ilimradi jua haliingii moja kwa moja. Siku likiingia, nondo hizo hizo zitachora mistari juu ya uso, na hiyo ni picha nyingine nzuri ya kuijaribu siku hiyo.

Kabla hujamwita mtu, kunja ngumi yako, inyooshe mbele, ukazunguke nayo chumbani huku ukiitazama. Karibu na dirisha vifundo vya vidole vitapata mwanga na mabonde yake yatajaa giza; ukisogea mita mbili ndani, ngumi itakuwa bapa. Mahali ngumi yako inapopendeza ndipo pa kuweka kiti.

Sasa mkalishe mtu wako, ubavu wake ukielekea dirishani, umbali wa kama mita 1. Simama ukiwa na dirisha upande wako mmoja, wala usisimame kati yake na dirisha. Mwombe aelekeze uso kwako kisha augeuze taratibu kuelekea dirishani, na wewe tazama kitu kimoja tu: kivuli cha pua. Mwanzoni nusu ya uso itakuwa na mwanga na nusu gizani, mstari wa mpaka ukiwa katikati ya paji na pua. Pozi hilo linamfaa mtu anayetaka kuonekana mkali, mwanamuziki kwa mfano, au bondia. Akiendelea kugeuka, kivuli cha pua kitaanza kulala juu ya shavu la mbali na kuungana na kivuli cha shavu lenyewe, na chini ya jicho la upande wa giza itabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mwambie atulie hapo hapo. Mpangilio huo umepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi kati ya 1606 na 1669, kwa jinsi nyuso nyingi alizochora zilivyomulikwa. Pembetatu isiwe pana kuliko jicho wala isishuke kuliko pua. Kama haitokei, mara nyingi sababu ni kwamba mwanga uko chini mno. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa kanga nzito ili mwanga uje kutoka juu kidogo, nayo itatokea.

Hapa wengi huridhika na kupiga. Subiri. Kuta za vyumba vyetu vingi zimepakwa rangi ya krimu au nyeupe, nazo hupokea mwanga wa dirisha na kuurudisha kwenye shavu ambalo ulitaka liwe na giza. Chukua koti jeusi au shuka jeusi, litundike juu ya mgongo wa kiti, ukisogeze kiti hicho upande wa giza mpaka kiwe nusu mita kutoka shavuni, nje tu ya fremu. Tazama kinachotokea: taya lililokuwa la kijivu linazama, shingo inajitenga na kola, na jicho la upande ule linabaki na nukta moja tu ya mwanga. Hakuna taa iliyoongezwa. Ukiona giza limezidi, badilisha koti kwa karatasi nyeupe ya manila, kisha uisogeze mbele na nyuma ukitazama shavu linavyofunguka. Kati ya koti na manila unapata hatua zote za kivuli unazohitaji, kwa gharama isiyofikia ya nauli ya kwenda Arusha na kurudi.

Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao

Mafunzo mengi ya mwanga tunayoyasoma yaliandikwa na watu waliozoea kupiga picha ngozi nyeupe, na yanapohamishiwa kwetu bila kufikiriwa ndipo tunapopata nyuso zilizozama au zilizopaushwa. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kwa kuusambaza kila upande, kama ukuta wa chokaa. Ngozi nyeusi husambaza kidogo zaidi, na jicho huona hasa mng'ao wake, yaani taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi, kama unavyoliona dirisha juu ya meza ya mninga iliyopigwa vanishi. Ukitaka kuona dirisha mezani, unainama mpaka upate pembe. Uso nao una kanuni hiyo hiyo ya kioo, kwamba mwanga huondoka kwa pembe ile ile uliyoingilia.

Kwa hiyo kwa mtu mweusi sana usimsukumie mwanga kutoka mbele kwa kudhani utamng'arisha. Upeleke ubavuni na kidogo nyuma yake, kiasi kwamba kutoka kwenye kamera unauona ukingo wa taji la shavu ukimeremeta. Ukubwa wa chanzo nao unakuwa na uzito mara mbili. Balbu tupu huacha nukta kali inayofanana na jasho, lakini shuka jeupe lililotandazwa na kumulikwa kutoka nyuma yake huacha mng'ao mrefu, laini, unaofuata umbo la mfupa. Nilimkalisha hivyo mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa kahawa, shuka likiwa upande wa kushoto nyuma ya bega lake. Mwanga uliteremka kutoka kwenye panda la uso, ukatua juu ya taji la shavu, ukaruka shimo lililo chini yake bila kuligusa, ukaonekana tena kwenye taya na mwisho kwenye mshipa wa shingo. Sehemu nyingine yote ilikuwa giza, na bado kila aliyemfahamu alimtambua mara moja.

Mafuta kidogo ya kujipaka husaidia, lakini yawe mashavuni na mabegani. Paji la uso na pua vifutwe kwa kitambaa kikavu. Poda nyingi huua mng'ao na kuugeuza uso kuwa wa kijivu, jambo ambalo maharusi wetu wengi hulipia fedha.

Kuipima picha yenye giza

Kamera haijui kwamba unataka giza. Kipimo chake kinachukulia kuwa kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, na ikiona koti jeusi, ukuta mweusi na ngozi nyeusi, itaongeza mwanga mpaka vyote viwe kijivu na ile sehemu ndogo yenye mng'ao ipauke kabisa. Pima kwenye sehemu yenye mwanga usoni, kisha punguza. Kwenye simu, gusa shavu lenye mwanga, shikilia kidole mpaka kipimo kifunge, kisha telezesha chini mpaka uone ngozi ina rangi yake. Kwenye kamera yenye kupimia nukta moja, tumia hiyo. Vinginevyo shusha fidia ya mwanga kwa stopu 1 hadi 2, stopu moja ikiwa ni kuukata mwanga kwa nusu. Hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha, kama kamera inaruhusu. Kivuli kilichozidi giza unaweza kukifungua kidogo baadaye, lakini sehemu iliyopauka haina kitu ndani yake cha kurudisha.

Flashi, mbali na kamera

Flashi iliyokaa juu ya kamera inapiga kutoka mbele kabisa, na hilo tumekwisha kuliona. Inunulie triga ya redio, yaani kifaa cha kuiwasha bila waya, au kama fedha haijatosha, itenge kwa waya, ili uishike kwa mkono wa kushoto au uiweke juu ya stendi. Baada ya hapo kazi ni rahisi kuliko inavyotangazwa.

Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) 1/200 ya sekunde na tundu la lenzi f/8, kisha piga picha ya chumba bila flashi. Picha iwe nyeusi tupu. Kama kitu kinaonekana, funga pazia au punguza tundu la lenzi. Sasa una ukurasa mweusi, na kila utakachokiona kuanzia hapa kitakuwa kimeletwa na flashi yako peke yake. Iwashe kwa nguvu ya 1/16, iweke upande, juu kidogo ya macho ya mtu, kama mita 1 kutoka kwake, upige. Ikiwa mwanga ni mkali, punguza nguvu hadi 1/32 kabla ya kugusa kitu kingine. Kamera nyingi haziruhusu flashi ifanye kazi juu ya shata 1/200 au 1/250. Ukivuka hapo utaona mkanda mweusi umekata sehemu ya picha, na kamera wala si mbovu.

Mwanga ukimwagika ukutani, kunja manila nyeusi iwe mrija wa urefu wa sentimita 20, uuvalishe flashi na kuufunga kwa gundi ya karatasi. Utapata duara dogo la mwanga ambalo unaweza kuliweka jichoni, mkononi au juu ya kitu anachokishika mtu. Kwa picha ya fundi cherehani, kwa mfano, mimi humulika mikono na sindano, nikauacha uso upate kile tu kinachorudi kutoka kwenye kitambaa.

Nje, shata ndiyo inayotawala anga, na nguvu ya flashi ndiyo inayomtawala mtu. Ukiwa Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini, kwa hiyo jioni ukimsimamisha mtu mbele ya mlima, jua linamjia kutoka kushoto kwa picha. Mwezi Desemba linatua kusini kidogo ya magharibi na kumpiga zaidi usoni, ilhali mwezi Juni linatua kaskazini ya magharibi na kumpitia kidogo nyuma. Arusha nako Meru iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki, na hesabu inakaribiana. Mlima mara nyingi huwa wazi alfajiri na karibu na machweo, na mawingu huuvaa kadiri asubuhi inavyokwenda. Pima anga peke yake, lishushe kwa stopu 1 au 1½ mpaka liwe zito, na mtu atakuwa kivuli tupu. Kisha mwashie flashi kutoka upande ule ule wa jua, ikiwa imefunikwa kipande cha plastiki angavu ya rangi ya chungwa, hata ya kufungia zawadi, ili mwanga wake ufanane na wa jioni. Flashi ikitoka upande wa pili, mtazamaji atahisi kuna uongo hata asipoweza kusema uko wapi.

Fanya haraka. Waandishi wa nchi za kaskazini husifia saa nzima ya mwanga wa dhahabu, lakini karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na kutoka linapozama mpaka giza linapoanza kuingia kweli una dakika 20 na ushei. Kwetu huku jua linatua kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni kulingana na mwezi, hivyo stendi iwe imesimama, betri zimejaribiwa na mtu amevaa kufikia saa kumi na moja na nusu.

Mwanga wa nyuma: moshi, mvuke na vumbi

Mji wetu una jina la kitu ambacho wapiga picha wake wengi hawajui kukipiga. Moshi uliomulikwa kutoka mbele huonekana kama ukungu mchafu. Ukimulikwa kutoka nyuma, huku nyuma kabisa kukiwa na giza, kila utepe wake unawaka. Vivyo hivyo mvuke wa kahawa, vumbi la njia ya ng'ombe, mvua, na unga unaoruka mashineni.

Nenda kwenye jiko la kuni kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, lile la mbao au mabati yaliyochakaa, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, jua likiwa bado liko chini. Omba ruhusa kwa mama mwenye jiko, ueleze utapiga nini na picha utaipeleka wapi, na uingie bila flashi. Tafuta upande ambao jua linapenya kwenye nyufa. Simama upande wa pili, jua likiwa nyuma ya moshi na wewe ukiwa kivulini, ili mistari ya mwanga ije kuelekea kwako kwa pembe. Usilenge jua moja kwa moja. Acha nguzo au kichwa cha mtu kilizibe. Pima kwenye mstari wa mwanga, na ukuta wa nyuma utaanguka gizani wenyewe. Mwombe mama achochee kuni kidogo tu, maana moshi ukizidi mistari yote huungana kuwa ukuta mweupe, na zaidi ya hapo macho yenu wote yatakuwa yanatiririka machozi.

Nje ya jiko, chini ya migomba, kuna tatizo dogo ambalo halisemwi: mwanga unaopita kwenye majani mapana hufika ukiwa na ukijani, na nyuso hupata rangi ya mtu mgonjwa. Rekebisha rangi kwa kupimia kitu cheupe kilichokaa hapo hapo kivulini, au amua tangu mwanzo kwamba picha itakuwa nyeusi na nyeupe.

Cheche na tochi

Karakana za kuchomelea vyuma huvutia kwa sababu giza na moto vimekaa pamoja. Usimlenge fundi anapochomelea, kwani mwanga ule huunguza macho hata kwa mtu wa pembeni. Msubiri ashike grenda. Cheche zake zinataka shata ya polepole, kati ya 1/30 na 1/15, ili ziwe nyuzi badala ya nukta, na mkono wako uegemee kitu. Kaa pembeni ya njia ya cheche, si mbele yake, kwa kuwa chembe za chuma cha moto hujikita kwenye kioo cha lenzi na hazitoki.

Tochi inafaa zaidi kwa vitu visivyopumua: pikipiki, lango la zamani, gogo la mti. Weka kamera juu ya stendi usiku, ISO 100, f/8, shata sekunde 20, uvae nguo nyeusi, kisha upite ukiimulika pikipiki kutoka ubavuni na nyuma huku tochi ikisogea muda wote. Usiielekeze kwenye kamera. Mulika mahali unapotaka paonekane na uache pengine pote. Itakuchukua majaribio kama kumi kujua ni sekunde ngapi zinatosha tangi na ni ngapi zinatosha magurudumu.

Kwenye kompyuta na kwa mchapishaji

Uhariri wa picha hizi ni mfupi. Shusha vivuli mpaka vilivyo giza viwe giza kweli, pandisha kidogo mng'ao wa jicho, uache. Ukijikuta unafungua vivuli ili mtu aonekane, rudi kwenye chumba na manila, kwa sababu kasoro iko huko.

Zaidi ya hapo, punguza mwanga wa skrini yako hadi karibu nusu kabla ya kuhukumu giza, kwa kuwa karatasi haina taa nyuma yake na picha iliyochapishwa hutoka nzito kuliko ulivyoiona. Studio nyingi za kuchapisha pia zina mashine inayorekebisha picha yenyewe. Picha yangu ya yule mzee wa kahawa ilirudi kwangu imepaushwa, koti jeusi limeonekana juu ya kiti likiwa na vifungo vyake vyote, na kijana wa kaunta akaniambia kwa fahari kwamba wameisafisha. Siku hizi naandika juu ya bahasha, kwa kalamu nene, kwamba picha isirekebishwe, naomba kwanza nakala moja ndogo ya inchi 4 kwa 6, natoka nayo hadi mlangoni kwenye mwanga wa mchana, natazama kama shimo la shavu bado lina giza lake, ndipo nalipia ile kubwa.